Kitabu Kilichopigwa na Pumzi

Kitabu kilikuwa kimoja, wanafunzi wanne, na wote wanne walikichukia, kila mtu kwa namna yake.

Bwana Lentse alikiandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kiswahili, mwaka mzima na miezi mitatu, jasho likimdondoka juu ya meza iliyoelekea ziwa. Kilieleza habari za pipa la mvuke: linavyojazwa maji, linavyochochewa moto mpaka mvuke usukume chuma, chuma kisukume gurudumu, na gurudumu lizungushe msumeno wa kupasulia mbao. Pipa lenyewe lilikuwepo, limekaa chini ya banda la karakana karibu na mdomo wa mto Lufilyo, jeusi na nene kama kiboko aliyegoma kurudi majini. Lililetwa na meli vipandevipande, wakaja Wadachi, yaani Wajerumani, wakaliunga. Kilichobaki ni kupata watu wa kuliendesha. Basi wakafungua shule ya ufundi hapo hapo ufukweni, wakachagua vijana wanne wanaojua kusoma, wakawapa Bwana Lentse na sura zake thelathini na moja.

"Mimi nimekisoma mara tatu," Enoki alisema mchana mmoja, amechuchumaa nyuma ya jiko na bakuli lake la wali. Huyu Enoki alikuwa mwembamba, ana mdomo usiojua likizo. "Mara ya kwanza sikuelewa. Mara ya pili nikaelewa kwamba sikuelewa. Mara ya tatu nikasahau hata niliyofundishwa na mama."

"Wewe una nafuu," alisema Zebedayo, mdogo wao, mtu wa Ngana. "Mimi nimekwama mlangoni. Sura ya kwanza, mstari wa kwanza: 'Kama tulivyokwisha kuona.' Tumeona lini? Nani alikuwepo?"

Ambilikile, mkubwa wao, alikuwa mhunzi kabla ya kuwa mwanafunzi, na mikono yake ilijaa makovu ya cheche. Alitafuna kwanza, akameza, ndipo akasema. "Aliyeandika hicho kitabu hajawahi kuungua. Mtu aliyeungua hakuambii 'joto la kadiri'. Anakuambia toa mkono!"

Wakacheka mpaka Zebedayo akapaliwa. Gideoni peke yake hakucheka. Alikuwa mtu wa Makwale, mpole, mwenye macho ya kusinzia, na tangu kitabu kije alikuwa amekonda.

"Nyinyi mnakisoma," akasema taratibu. "Mimi nikikifungua, chenyewe ndicho kinachonisoma."

"Kula, mume wangu," mkewe akamwambia kutoka jikoni. "Kitabu hakina macho. Kingekuwa na masikio tu, kingekwishahama."

Mkewe ndiye Nsajigwa, mpishi wa Bwana. Alikuwa Mkisi, mtoto wa wafinyanzi wa kule chini ya milima, mahali ambapo watoto wa kike hushika udongo kabla ya kushika kijiko. Kusoma hakujua. Lakini kitabu alikijua kuliko wengi, maana Gideoni alikisoma kwa sauti kila jioni, na hata akila alikitafuna pamoja na mchicha. Nsajigwa naye alikuwa na lake juu ya kitabu hicho. Hakumwambia mtu. Aliinama tu kupuliza moto, akalisema humo humo kwenye majivu, kisha akafunika chungu.

Mbele ya Bwana mambo yalikuwa mengine.

"Kitabu changu mnakionaje?" aliwauliza kila Jumamosi.

"Kizuri sana, Bwana."

"Si kigumu?"

"Kitamu, Bwana," alijibu Enoki, na wenzake wakatazama miguu yao.

Ukutani, nyuma ya kiti cha Bwana, kulitundikwa kiboko. Alikuwa amekitumia mara mbili tu kwa mwaka mzima, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, kila mara, na mara zote mbili mgongo ulikuwa wa Zebedayo. Mgongo mmoja ulitosha kuwafundisha wanne adabu ya kujibu.

Ila Bwana hakuwa mjinga. Alijua anadanganywa. Naye kwa kweli alitaka kujua, kwa sababu kitabu kile alikipenda kama wengine wanavyopenda mtoto wa uzeeni. Akaketi chini akatengeneza kisanduku cha mbao, kizuri, chenye kifuniko cha bawaba na tundu jembamba juu yake. Akakiweka mezani mbele ya wanafunzi.

"Andikeni maoni yenu," akasema. "Majina msiandike. Tumbukizeni humu. Sitajua nani amesema nini, na hakuna atakayeadhibiwa."

Alikuwa anatabasamu, maskini, kama mtu anayefungua mlango bila kuuliza nani anabisha hodi.

Nsajigwa alikuwa anaondoa vikombe. Mkono wake ukasimama hewani.

Watu wa nchi ile wana jambo wanalolijua tangu hawajaijua chumvi ya dukani. Watu wakimnung'unikia mwenzao, kila mmoja pembeni kwake, midomo imefumbwa nusu, manung'uniko yale hayapotei. Yanakutana njiani, yanakuwa upepo mmoja. Upepo ule unamfuata aliyesemwa, unamwingia, unamkaa kifuani, naye anaanza kutetemeka jua likiwa utosini. Wanyakyusa wanaita imbepo sya bandu, baridi ya pumzi za watu. Mizizi haiiwezi na vidonge haviiwezi. Dawa yake ni hao hao walionung'unika: waje mbele ya mgonjwa mchana kweupe, kila mmoja na uso wake na jina lake, aseme lililomkaa rohoni, kisha apige funda la maji ayateme chini. Likishatoka hivyo, limekwisha.

Na huyu Bwana, kwa wema wake, amewaambia wafiche nyuso, wafiche majina, waweke pumzi pamoja kwenye sanduku na kufunika.

"Bwana," alisema Nsajigwa, "kwetu jambo kama hilo watu husema kwa mdomo."

"Ndiyo, Nsajigwa. Ndiyo maana hamna vitabu," Bwana akajibu, akacheka kwa furaha.

Kisanduku kilikaa wiki nzima. Kila asubuhi Nsajigwa alifuta meza, na kila asubuhi aliona kwamba vumbi limetua kila mahali isipokuwa pale kwenye tundu. Kulizunguka tundu palikuwa safi, kama pamepulizwa. Siku ya nne alisogeza kiganja karibu. Hewa ilikuwa ikiingia humo, kidogo kidogo, kwa ubaridi, kama mtu anavyovuta pumzi kwa meno akiwa anajizuia kusema. Akarudisha mkono, akaufuta kwenye kanga, akamaliza kufagia haraka kuliko kawaida yake.

Jumamosi Bwana akafungua. Akahesabu karatasi juu ya meza.

"Tano!" akasema. "Wanafunzi wanne, karatasi tano. Kuna mtu ana maneno mengi."

Akasoma kimya. Masikio yakaanza kuwa mekundu, kisha shingo. Karatasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Ya tano haikuwa na neno. Akaigeuza, akaiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Kabla ya saa kumi jioni akamwita Nsajigwa.

"Niletee blanketi."

Ulikuwa mwezi wa Novemba. Mashamba ya mpunga yalikuwa yamepasuka yakingojea mvua, kuku wanatembea midomo wazi. Nsajigwa akaleta blanketi. Jumapili akaleta la pili.

Kwanza Bwana alisema ni homa, akameza kwinini. Lakini homa Nsajigwa aliijua kama jirani: inatetemesha, inachoma, inatoa jasho, inaondoka. Hii haikuchoma na haikutoa jasho. Ngozi ya Bwana ilikuwa kama ya samaki aliyetolewa majini sasa hivi. Chai ilitoka jikoni ikifuka moshi, ikavuka kizingiti cha chumba chake, na pale pale moshi ukakatika. Alipoweka kikombe mkononi mwake, utando ulikuwa umeshaganda juu ya maziwa. Mbu hawakumgusa. Pwani ile ya ziwa, ambako mbu wanauma mpaka kwato za ng'ombe, Bwana Lentse alilala bila chandarua na asubuhi hana hata kipele.

Jumanne likaja wingu la kungu. Hao ni wadudu wadogo wanaoinuka ziwani kwa mamilioni kama moshi wa shamba linaloungua, na wakifika nchi kavu wanaingia kila mahali, puani, kwenye uji, ndani ya nguo. Watu wa ufukweni walitoka na vikapu kuwakamata, maana ni kitoweo. Wingu likaja moja kwa moja kuelekea nyumba ya Bwana. Lilipofika hatua kumi kutoka dirishani likagawanyika sehemu mbili. Nusu ikapita kushoto, nusu kulia, zikaungana tena kule nyuma. Nsajigwa alisimama uani na kikapu chake kitupu. Katikati ya wingu ile nyumba ilionekana wazi, imetulia, na kwenye dirisha Bwana amejifunika mablanketi mawili. Pumzi ilikuwa inamtoka mdomoni nyeupe, kama inavyowatoka Wakinga kule juu milimani mwezi wa Juni. Saa sita mchana. Kyela.

Hapo Nsajigwa akaogopa, na hakumwogopea Bwana peke yake.

Mwaka uliotangulia, Bwana mmoja msimamizi wa barabara alikufa kwa tumbo kule njia ya milimani. Askari walikuja, hawakuuliza alikula nini, waliuliza nani alipika. Mpishi alifungwa kamba akapelekwa bomani, na hakurudi yeye wala kofia yake. Nani angemwambia mkuu wa boma kwamba mzungu ameuawa na maoni ya wanafunzi? Angeulizwa: nani anamtia kikombe mkononi?

Akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya wanafunzi. Walikuwa wamekaa migombani wakiosha miguu.

"Mgonile, mashemeji," akawasalimu.

"Tugonile, shemeji," wakaitikia, ila Enoki akaongeza, "Sauti hiyo si ya kutuletea chakula."

"Bwana wenu anakufa. Na nyinyi ndio mnaomuua."

Zebedayo akaacha mguu mmoja ndani ya maji. Ambilikile akatazama migomba. Walijua. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wote wamezaliwa hapo, wote wameona mtu akipigwa na pumzi.

"Sisi tumefanya tulivyoambiwa," Gideoni akasema. "Alisema tuandike."

"Na sasa nendeni mkaseme. Kwa mdomo. Na maji."

"Shemeji," Enoki akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania, "pale ukutani kuna kitu kinaning'inia. Wewe hukisomi, lakini mgongo wa Zebedayo umekisoma kurasa hamsini."

"Ni kweli," alisema Zebedayo.

"Na tukishasema, shule basi," Ambilikile akaongeza. "Tunarudi nyumbani na aibu. Labda apone mwenyewe. Wazungu wana dawa nyingi."

Nsajigwa aliwatazama mmoja mmoja. Angeweza kulia, na mumewe angelainika, lakini watatu wangebaki. Akaamua kutumia akili.

"Haya," akasema, akageuka kama anayeondoka. "Atakufa Alhamisi au Ijumaa. Mimi watanichukua, hilo langu. Nyinyi mtaletewa Bwana mwingine. Kitabu kipo. Pipa lipo. Mtaanza upya."

Zebedayo akautoa mguu majini.

"Upya wapi?" akauliza Zebedayo.

"Si sura ya kwanza? 'Kama tulivyokwisha kuona.'"

Enoki alisimama wa kwanza. "Kiboko ni ishirini na tano," akasema. "Sura ni thelathini na moja. Twendeni."

Waliingia chumbani kwa Bwana kabla ya saa saba, jua likiunguza mchanga huko nje. Ndani, visigino vyao vilishtuka kwenye sakafu kama wamekanyaga jiwe la mtoni. Nsajigwa alileta chungu cha maji na kata, akakiweka katikati. Bwana alikuwa amelala chali, midomo ya buluu, macho wazi.

"Wanataka kusema, Bwana," Nsajigwa akamwambia. "Uwasikilize. Usiwakatize."

Ambilikile alitangulia kwa sababu ya umri. Alisimama wima kama yuko mbele ya malafyale, chifu wake.

"Mimi Ambilikile. Ni mimi niliyeandika kwamba hujawahi kuungua. Umeandika moto kama mtu aliyeusikia kwa jirani. Nimekaa na moto miaka kumi na mitatu, hukuniuliza hata siku moja. Nilikasirika." Akapiga funda, akatema maji sakafuni.

Bwana alivuta blanketi mpaka kidevuni.

"Mimi Zebedayo. Sura ya kwanza inanitukana. Inasema tumekwisha kuona, na mimi sijaona. Nikiuliza naitwa mvivu. Mara mbili umenipiga kwa kuuliza." Akapiga funda, maji akayatema vizuri.

"Mimi Enoki. Nilisema kitabu chako kinamfanya mtu asahau alichokuwa anakijua. Watu walicheka, nikaona raha, nikasema tena. Nimekisema kila siku tangu mwezi wa tano. Pengine nusu ya baridi hii ni yangu peke yangu, Bwana, mimi huwa sina kiasi." Akapiga funda kubwa, akatema.

Kutoka kitandani ilisikika sauti ndogo. Ilikuwa kama kikohozi na ilikuwa kama kicheko. Mashavu ya Bwana yalianza kupata rangi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi inzi mmoja akaingia dirishani, akazunguka, akatua kwenye blanketi.

Gideoni akaja wa mwisho. Alisema kwa upole wake ule ule. "Mimi Gideoni. Niliandika kwamba kitabu chako kinanila. Ninakisema nikilima, ninakisema nikila. Mke wangu ananiita, nami namjibu kwa maneno yako. Nataka unirudishie kichwa changu." Akatema maji, akafuta mdomo.

Wakangoja. Bwana akavuta pumzi ndefu, na pumzi ilipotoka haikuwa nyeupe tena. Akakaa kitako. Mikono yake ikawa ya moto. Ambilikile aliishika akathibitisha. Zebedayo akaanza kutabasamu, jicho lake moja likiwa bado mlangoni, kuelekea chumba chenye kiboko.

"Miguu," akasema Bwana. "Miguu yangu siisikii."

Nsajigwa alifunua blanketi akashika nyayo. Zilikuwa baridi ile ile, na baridi ilikuwa inapanda: alipokuwa amezishika aliisikia ikipita chini ya ngozi, ikifika kwenye kifundo, ikienda gotini bila haraka, kama maji yanavyopanda kwenye udongo mkavu.

"Mmoja hajasema," Ambilikile akasema. Wakatazamana wote wanne. Enoki aliapa kwa jina la mama yake kwamba hana kilichobaki tumboni.

Bwana akaingiza vidole mfukoni, akatoa ile karatasi ya tano isiyo na neno. Nsajigwa akaipokea. Ilikuwa na unyevu na baridi kama tumbo la samaki. Akaisogeza puani. Ilinuka majivu. Ilinuka moshi wa kuni za mwembe anazozitumia yeye, na chini ya moshi huo, harufu ya udongo mbichi wa kufinyangia.

Mtu asiyejua kuandika ameandika hivyo.

Akabaki amesimama na karatasi mkononi. Wengine walikuwa wamesema, na walichohatarisha ni migongo tu. Lakini yeye ndiye mpishi. Akikiri mbele ya mashahidi wanne kwamba amemnung'unikia Bwana, na Bwana asipone, hata mumewe akiulizwa bomani itabidi aseme aliyoyasikia. Angekuwa amejifunga kamba shingoni mwenyewe. Na asiposema, baridi imeshafika gotini.

"Mke wangu?" Gideoni akasema.

"Niache nipumue."

Akachota maji kwa kata.

"Mimi Nsajigwa. Bwana, mwaka jana ulikuja barazani kwangu nikifinyanga. Ukaniuliza ninajuaje chungu kizima na chungu chenye ufa usioonekana. Nikakuonyesha. Nikagonga kwa kifundo cha kidole, nikakuambia sikiliza, huu mlio umejaa, huu una mtu ndani anayekwaruza. Ulifurahi. Uligonga vyungu vyangu vyote, ukavunja kimoja."

"Nakumbuka," Bwana akasema kwa shida.

"Kisha mume wangu akanisomea sura ya kumi na tisa. Kugonga pipa na kusikiliza. Imeandikwa: 'Mwandishi amegundua.' Amegundua! Bibi yangu aligonga vyungu, na mama wa bibi yangu. Mume wangu alinisomea kwa sauti ya kanisani wala hakushtuka." Gideoni akainamisha kichwa. "Na si hilo tu. Umekosea. Umewaambia wagonge pipa likiwa na moto. Mimi nilikuonyesha chungu kilichopoa. Chungu cha moto kinalia vizuri hata kikiwa na ufa wa kupitisha kidole. Nilijua umekosea, nikanyamaza, nikasema moyoni acha aaibike. Nililisema kila siku nikipuliza moto. Hilo ndilo langu."

Akatia maji mdomoni, akayatema. Yalipogonga sakafu yalifanya mlio, tss, kama yameangukia chuma cha moto, na mvuke mdogo ukapanda ukapotea.

Nje, kuku alilia. Bwana Lentse alikunja vidole vya miguu, akavinyoosha, akavitazama.

"Kinalia vizuri?" akauliza. "Hata kikiwa na ufa?"

"Kama kengele ya misheni, Bwana."

"Nipeni kalamu."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, mablanketi yameanguka, jasho linamtiririka kama mzungu yeyote wa Kyela mwezi wa Novemba, akakata mistari sita ya sura ya kumi na tisa. Akakata na "amegundua". Akafikiri, akaandika kitu juu yake, na Gideoni aliyechungulia akasema ni jina la Nsajigwa. Kiboko hakikutajwa. Bwana alikula wali sahani mbili, na jioni ile mbu walimla yeye.

Mvua zikaja. Pipa likawashwa, msumeno ukalia mpaka ng'ambo ya Lufilyo, na Ambilikile akawekwa kusimamia moto. Kila Jumamosi wanafunzi walisimama mbele ya Bwana wakamwambia kitabu chake kibaya wapi, naye alikasirika wazi wazi, wakagombana, wakamaliza. Nyumba ilikuwa na joto zuri. Nsajigwa aliyatoa mablanketi, akayaanika, akayakunja.

Mwezi wa pili meli ikaleta barua. Bwana aliisoma akiwa amesimama, kisha akamshika Nsajigwa mikono yote miwili, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Kimechapwa! Kitabu changu kimechapwa! Nilipeleka nakala kabla ya yale ya kisanduku. Wamechapa mia tatu, vimegawanywa vyote. Tanga, Dar es Salaam, Mwanza, kila penye mashine."

Nsajigwa aliweka birika chini. "Mia tatu ni vitabu au watu?"

"Vitabu. Watu ni zaidi. Wanne wanne kwa kitabu kimoja, kama hapa."

"Na watu hao watakuja hapa, wakuambie?"

"Waje kufanya nini? Watakaa huko huko, watasoma."

"Na kikiwaudhi?"

"Watanung'unika, Nsajigwa," akacheka. "Wanafunzi ni wanafunzi."

Alimwacha amalize kucheka. Kisha akaenda kwenye sanduku la Bwana la vifaa vya kuandikia, akaleta karatasi safi na kalamu, akaviweka mbele yake.

"Bwana, kabla ya chai. Niandikie kwamba mimi Nsajigwa, chakula changu hakina ubaya. Kwamba ukishikwa na baridi, hata ukifa, si mkono wangu. Na jina lako chini, na muhuri."

"Mzaha gani huu?"

"Ndiyo, Bwana, ni mzaha. Andika tu unifurahishe. Ndaga fijo, asante sana."

Akachovya kalamu, bado anatabasamu, akaandika mstari wa kwanza. Nsajigwa alisimama nyuma ya kiti, akafuata kalamu kwa macho ingawa hakujua inasema nini. Mstari wa pili. Katikati ya wa tatu kalamu ikasimama. Bwana akapandisha mabega, akayakunja kama kuku anayenyeshewa.

"Nsajigwa, hebu rudishia hilo dirisha."

Dirisha lilikuwa limefungwa tangu asubuhi kwa ajili ya mvua, komeo limeshuka.

"Nitarudishia, Bwana," akasema, wala hakujongea. "Weka jina kwanza."